Helikopta Sita Zilizonyonyolewa na Bibi

Harufu ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe hainipotei. Hata nikiwa ng'ambo ya kibanja, katikati ya migomba, pua yangu inasimama yenyewe kama masikio ya mbuzi. Lakini kuna siku moja harufu hiyo ilinijia na kitu kingine ndani yake, kitu kama rangi ya mlango inayoungua. Nilikuwa na ndoo ya maji kichwani, nikasimama katikati ya njia, maji yakanimwagikia mgongoni, nikajua maisha yangu yameisha. Miaka kumi tu nilikuwa nayo, yaani nilikuwa sijayaanza vizuri, lakini yameisha. Sasa ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana hadithi ukiishika mkiani inakupiga mateke.

Kwetu ni Kashozi, karibu na misheni, pale ambapo kengele ya kanisa inawaamsha watu kabla ya majogoo. Vita vya kule mpakani vilikuwa vimeisha. Askari walipita, wakarudi, sisi tukabaki na foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya chumvi. Duka la ujamaa lilikuwa na rafu nzuri za mbao, zimepigwa msasa, safi kabisa, hazina kitu. Nguo ndiyo usiseme. Gauni langu lilikatwa kutoka gauni la mama, kiraka juu ya kiraka, mpaka ukawa hujui kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi. Lakini ndizi zilikuwepo, kahawa ilikuwepo, na sisi watoto tulikuwa tumeshasahau hofu, isipokuwa jambo moja tu ambalo mimi sikulisahau. Wakati wa vita helikopta ilipita juu ya migomba yetu, chini kabisa, migomba ikainama kama inasujudu. Nilianguka kifudifudi kwenye majani makavu, nikala udongo. Bibi yangu, mama yake Tata, yaani baba yangu, yeye hakulala. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akasimama na jembe lake akauliza, "Ni mvua ya mawe?"

Basi siku moja nikaikuta helikopta ile ile kwenye kabati la Sista Klaudia.

Huyu Sista alikuwa mzungu, mwembamba kama ufito, anaongea Kihaya kupitia puani, na ndiye aliyetufundisha katekisimu kila Jumamosi. Kwao walikuwa wanamtumia maboksi ya nguo za mitumba, na chini ya nguo mlikuwa na vitu vya watoto wa huko waliokwisha kukua. Sista akaweka utaratibu: ukisema fungu zima la katekisimu kwa kichwa, bila kukwama, unachagua kitu kimoja kabatini. Wenzangu walichagua kalamu, soksi, mmoja alichagua mwavuli wa mtoto akawa analala nao. Mimi niliona helikopta ndogo ya chuma, urefu wa kidole changu cha kati, ya kijani, nzito kama jiwe la kusagia lililopungua. Ilikuwa na mapanga yake juu yanayozunguka ukipuliza, miguu ya kutulia chini, na ubavuni vimerundikwa viroketi vidogo. Wavulana hawakuitaka kwa sababu haikuwa na magurudumu, na kwao kitu kisicho na magurudumu hakikuwa na maana. Sista mwenyewe hakujua ni chombo cha vita. Aliniambia vile viroketi ni mabomba ya kunyunyizia kahawa dawa. Niliiweka kiganjani nikaitazama. Kitu kilichonilaza kifudifudi, leo kimelala kwenye mkono wangu, na nikitaka nakitia mfukoni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama mpaka shingo ikauma. Darasani nilikuwa wa kutajwa mwisho, mwalimu alikuwa akifika jina langu anashusha pumzi, lakini katekisimu niliimeza kama uji. Nilikuwa nasema mafungu nikichota maji, nikimenya ndizi, nikichunga mbuzi, mpaka mbuzi wetu nadhani walikuwa tayari kubatizwa. Kila baada ya wiki kadhaa narudi na helikopta nyingine. Kabatini mlikuwa na saba, zote za vita, hakuna mbili zinazofanana: moja pua ndefu, moja tumbo nene, moja ya kahawia kama senene wa kiangazi. Nikazipa majina ya mitume kwa sababu ndiyo majina niliyokuwa nayo kichwani: Petro, Andrea, Yakobo, Yohana, Filipo na Tomaso. Petro ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote. Ya saba, nyeusi, kubwa kidogo, Sista alisema ataitoa siku ya komunyo ya kwanza. Hiyo nilishaipa jina la Bartolomayo kabla sijaigusa. Nyumbani nilizifunga ndani ya kitambaa, nikazitia kwenye kopo chini ya kitanda, na kila asubuhi nilizipanga mstari nikazipulizia mapanga. Wakati huo Sista alikuwa amekwisha kumwita mama pembeni akamwambia, "Huyu mtoto ana wito." Mama akalia kwa furaha. Tata akaanza kuniita Sista nikimletea maji ya kunawa. Nikaona aibu kusema kuwa wito wangu uko kabatini.

Sasa kulikuwa na balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Ishengoma. Sisi mtu mzima tunamwita Ta, ni heshima. Alikuwa mtu mwema lakini alipenda kazi yake kupita kiasi. Alikuwa na daftari, kalamu ya kuchovya mate, na jino moja la mbele, juu, refu, jeupe, analisugua kwa mkaa kila siku. Mengine ya mbele yalikwisha kuondoka zamani. Kwa jino hilo alikuwa anapiga mluzi wa kuita mkutano, anafungua mfuniko wa kalamu, anakata uzi. Watu walisema jino lile ndilo katibu wake. Jumamosi moja, tukiwa shamba la kijiji, alipiga mluzi wake, akasimama juu ya kisiki akatangaza: "Ndugu wananchi. Kila mwenye kifaa cha kijeshi, awe amekiokota, amenunua, au amepewa, akilete kwangu. Kesho napita nyumba kwa nyumba. Kikikutwa, baba mwenye nyumba ndiye atakayejibu kwa wakubwa."

Yeye alikuwa anasema juu ya risasi na makombora waliyoacha askari, na alikuwa sahihi, vitu vile vingeweza kuua watu. Lakini mimi sikusikia risasi. Nilisikia "amepewa". Nilimwangalia Tata anavyofuta jasho na kofia yake, hajui chochote, nikamwona tayari amefungwa kamba kwa ajili ya Petro na wenzake.

Kesho yake senene wakashuka. Wewe uliyezaliwa mjini utadhani ni jambo dogo. Asubuhi na mapema rweya yote, zile nyasi zetu za wazi nje ya migomba, ilikuwa imejaa, nyasi zinatembea. Mimi na mama tulikimbia na kapu lenye mfuniko, tukakusanya kwa mikono miwili mpaka likajaa kidogo kupita nusu, mama akalifunga kwa kamba ya mgomba, tukaenda misa ya pili tukiwa tumechelewa na umande mpaka magotini. Tulipotoka tukasikia kwamba balozi ameanza kazi, yuko nyumba ya tatu, na sisi ni ya saba. Anapekua chini ya vitanda, darini, ndani ya vihenge, hata kuku wanaotaga anawanyanyua. Niliingia ndani nikatoa kopo langu, nikazunguka nalo kama paka mwenye kitoto mdomoni. Kila mahali nilipofikiria, yeye atafikiria. Mwishoni nikaliona kapu la senene. Hilo hakuna mtu analifungua ovyo, maana ukifungua wanaruka, na ukiwaachia senene waruke kabla hawajanyonyolewa, ukoo mzima utakusema mpaka uzeeni. Nikalegeza kamba upande mmoja, nikawashusha mitume wangu mmoja mmoja ndani, nikafunga. Senene wakapanda juu yao. Nikasema, Bibi ananyonyoa baada ya chakula cha mchana, nitazitoa kabla. Hapo mama akanituma kisimani, na kisimani nako kulikuwa na foleni.

Asiyekuwepo na lake halipo. Nilipokuwa nasubiri zamu, Tata aliona heri balozi akifika akute sahani mezani. Si rushwa, ni ukarimu, ila ukarimu wenye macho. Akamwambia Bibi aharakishe. Bibi yangu alikuwa mzaliwa wa Kagoma, huko Muleba, na alisema Kagoma nzima hapakuwahi kutokea mwanamke wa kumshinda kunyonyoa senene. Macho hayakumsaidia tena, lakini vidole vyake vilijua njia. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unang'oa mabawa, miguu na zile nyuzi za kichwani, tupa kule, chukua mwingine, na mdomo wakati wote unasimulia habari za watu waliokufa zamani. Alifika kwa Petro. Akashika. Ana mwili, ana mkia, ana mabawa mgongoni, ana miguu chini. Sasa wewe ulitaka afikirie nini? Aling'oa.

Ndiyo hapo nikakutana na ile harufu njiani.

Niliweka ndoo nikakimbia. Nilikuta balozi amekwisha kupekua nyumba yetu yote, hakuona kitu, ameketi kwenye kigoda na Tata, na mbele yao bakuli la senene, wekundu, wanameta chumvi. Nikapiga magoti kusalimu, na nikiwa pale chini, macho yangu sawa na bakuli, nikauona mkia wa Tomaso umechomoza. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Bibi, asiyeona mlango ulipo, aliuona mkono huo.

"Rudisha. Tangu lini mkono wa msichana unaingia kwenye senene wa wanaume?"

Na ndiyo ilivyokuwa. Mwanamke alikamata, alinyonyoa, alikaanga, alipakua, halafu alikaa pembeni akinusa. Bibi alishikilia kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka. Nilisema kwa adabu, "Waitu, nataka kupepeta tu, wameingia mchanga." Akasema, "Mimi nitie mchanga?" Tata akanikata jicho. Balozi akacheka, akasema mtoto ana uchoyo, akachota kiganja kizima, akatupa mdomoni.

Sauti ile naisikia mpaka leo. Ka. Kama kuni kavu.

Ta Ishengoma hakupiga kelele. Aliingiza vidole, akatoa vitu viwili, akaweka kimoja kila kiganja. Akavitazama kwa zamu.

"Hiki ni changu," akasema, akionyesha jino. Maneno yalikuwa yanatoka na upepo. "Na hiki ni cha nani?"

"Senene wa mwaka huu wameshiba," Bibi akasema kutoka jikoni. "Tangu nanyonyoa niliwasikia. Kuna wengine mabawa yao nilivunja kwa kisu cha ndizi."

"Mama, huyu si senene."

"Mimi unanifundisha senene?"

Nililala kifudifudi, mara ya pili maishani mwangu kwa ajili ya helikopta. "Waitu, ni Petro," nikasema.

"Petro nani?"

"Petro mtume."

Tata akajishika kichwa. Balozi akamwaga bakuli lote juu ya jani la mgomba, akaanza kuchambua, akawapata wote sita, wamekaangwa vizuri, rangi imebabuka, hakuna hata mmoja mwenye panga. Nikalia nikaeleza yote, kabati la Sista, mafungu ya katekisimu, kopo, kapu. Nikasema wanifunge mimi, Tata hajui kitu. Mama alisimama mlangoni, na ninadhani kilichomuuma zaidi ni ule wito. Balozi akafungua daftari. Mfuniko wa kalamu akautia mdomoni kwa mazoea, akakuta hakuna jino la kuushika. Akaufungua kwa mkono. Akaandika polepole huku anasoma: "Helikopta. Za kijeshi. Sita. Zilikokutwa..." Akasimama hapo. Akaangalia dari.

"Niandike zilikutwa wapi?"

Tata yangu alikuwa mtu wa kusema kweli. "Mdomoni mwako, Ta Ishengoma," akasema.

Tukasikia kuku nje wakigombania mabawa ya senene. Nadhani balozi alikuwa anaisikia karatasi ile ikisomwa huko kwa wakubwa, mbele ya mabalozi wenzake wote wenye meno. Lakini hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu, angeweza kuchana karatasi na bado akazichukua. Aliponyoosha mkono kuzikusanya, Bibi akatoka jikoni akipapasa ukuta, mkono mwingine umeshika kisu cha ndizi.

"Senene wale nani aliwakamata?"

"Mtoto huyu," balozi akasema.

"Na nani amewala?"

"Mama, nimekula kiganja kimoja, nikapoteza jino."

"Sikuulizi habari za jino. Mwanaume akiletewa senene na mwanamke anamvisha nguo. Hata marehemu wangu, bahili yule, alininunulia shuka. Umekula senene wa mjukuu wangu, mbele ya watu. Nguo yake iko wapi?"

Desturi hiyo ni ya mume na mke, na kila mtu mle ndani alijua, na Bibi alijua kuliko wote. Lakini nani angembishia? Na nguo ndiyo kitu ambacho hata balozi hakuwa nacho. Duka la ujamaa lilikuwa halijaona kitambaa, na shati lake mwenyewe lilikuwa na mgongo wa mfuko wa unga. Alimtazama Bibi, akalitazama gauni langu la viraka, akalitazama jino lake. Kisha akamshika Yohana akamgeuza juu chini, kwa makini, kama mganga anayemwangalia mtoto.

"Chombo hiki kinaruka?" akaniuliza.

"Hapana, waitu."

"Mapanga yako wapi?"

"Bibi amenyonyoa."

Akafuta alichoandika, akachovya kalamu kwenye ulimi, akaandika upya, na hayo maneno Tata aliyakariri mpaka kufa kwake: "Nyumba ya saba hakuna kitu. Vilivyokuwepo vilikwisha kunyang'anywa silaha na mama mzazi wa mwenye nyumba." Akanirudishia mitume wangu sita juu ya jani, wananuka chumvi. "Hizo ndizo nguo zako," akasema. "Tumelipana." Jino akalitia mfukoni, akamalizia senene waliobaki kwa upande wa magego, akaenda nyumba ya nane. Mluzi haukulia tena kijijini kwetu. Kutoka siku ile mikutano iliitwa kwa kugonga jembe bovu.

Siku ya komunyo ya kwanza Sista Klaudia aliniuliza kama bado moyo unaniita. Nikamwambia kweli, kwamba moyo unaniita lakini unaniita kabatini. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi, kisha akanipa Bartolomayo, mweusi, mzima, mapanga yake yote. Nilipofika naye nyumbani Bibi akamshika, akampapasa, akasema, "Huyu bado. Leta nikunyonyolee." Nikamficha.

Leo senene wanakamatwa kwa taa kali zenye jenereta, wananunuliwa mjini Bukoba ndani ya mifuko, wamekwisha kunyonyolewa na watu usiowajua. Wanawake tunakula mchana kweupe, na wanangu wote sita vichwa vyao ni vya mviringo. Mimi mwenyewe nakula, ila natafuna taratibu, upande mmoja, kwa heshima ya Ta Ishengoma. Maduka sasa yana nguo mpaka zinaning'inia nje. Mitume wangu saba wako juu ya kabati langu. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kwamba huko Ulaya kuna wazee wanakusanya helikopta kama hizi, wanazitaka ziwe mpya ndani ya maboksi yake, hazijaguswa hata kwa kidole. Akaniambia zangu zimeharibika. Nikawahurumia wale wazee. Helikopta isiyoguswa na mtu ina habari gani ya kukusimulia?

Juzi nilikuwa napalilia pale nyuma, mahali ambapo zamani Bibi alikuwa anamwaga takataka za senene kwenye shina la mgomba. Jembe likagonga kitu kidogo. Nikakiokota, nikakisugua kwenye kanga: panga la helikopta, limepinda palepale kidole gumba cha Bibi kilipolikunja. Nililishika muda mrefu. Mjukuu akasema, "Bibi, lete gundi, nikubandikie, irudi kama zamani." Nikamwambia acha. Ikipata panga lake itakuwa kifaa cha kijeshi tena, na Bibi wa kutunyang'anyia silaha hatunaye.